Mashine Imegoma Siku ya Mechi

Jumamosi asubuhi kinyozi wa mtaa hafungui kibanda chake. Wateja wanajua. Anayekuja kugonga mlango anajibiwa kutoka dirishani: "Nywele zako zitasubiri. Jezi hazisubiri."

Siku hiyo kinyozi anafua. Anafua jezi kumi na nne za kijani za timu ya wanawake wa mtaa. Mke wake ndiye anayelinda goli, na kila mtu anamwita Kipa, hata mama mkwe wake. Siku za kazi Kipa yuko kwenye tanuri la mikate tangu alfajiri. Mikono iliyozoea trei za moto haiogopi mpira.

Watu walimcheka sana kinyozi mwanzoni.

"Dobi! Siku hizi umeolewa wewe!" walimwambia.

"Mke wangu anazuia mabao," aliwajibu. "Mimi nazuia madoa. Wewe unazuia nini, zaidi ya njia?"

Mashine yao ya kufulia ni ya mtumba. Ina mlango wa kioo kwa mbele, na imekaa katika chumba kidogo kati ya jiko na bafu. Ilikuja na kitabu cha maelekezo. Kitabu kina lugha kumi na tatu. Kiswahili hakimo. Walioipakia mashine ile walijua inakokwenda, lakini hawakuona haja ya kusema na atakayeitumia. Kwa hiyo nyumba ile ilijifunza mashine kwa kubahatisha. Bonyeza hapa, sikiliza. Ikiimba, vizuri. Isipoimba, bonyeza pengine.

Jumamosi hii haikuwa ya kawaida. Saa kumi jioni kulikuwa na mechi ya kuingia fainali, na sheria ya mashindano ni kali: timu isiyokuwa na jezi za rangi moja, hata ya kipa, haichezi, na ushindi wanapewa wapinzani.

Timu ya mtaa iliijua sheria hiyo vizuri kuliko mtu yeyote. Mwaka jana walifika uwanjani na jezi tisa za kijani na tano za buluu. Refa alitazama, akapuliza filimbi, akawaambia wakavae nguo zao warudi nyumbani. Wiki hiyohiyo timu ya wanaume ilicheza na rangi tatu, na refa hakuona hata moja. Wanawake hawakusahau. Walichanga mwaka mzima wakashona jezi hizi.

Kipa alipokuwa anatoka alfajiri alimwambia mumewe neno moja tu: "Leo nakutegemea."

"Umeegemea ukuta," alijibu kinyozi.

Saa tatu ukuta ukaanza kazi. Kwanza aliondoa namba mgongoni mwa jezi. Namba zilikuwa vipande vya kitambaa vilivyobanwa kwa pini, ili wachezaji waweze kubadilishana. Pini zile zilikuwa zinapotea kila wiki. Kinyozi akapata akili. Akazibana zilezile kwenye pindo za jezi, zifuliwe pamoja. "Hapo hazitoki," alijisifu. Kisha, kwa kuwa nafasi ilibaki, akaongeza taulo za kibandani, zile anazowafunga wateja shingoni. Akatia sabuni. Akabonyeza. Mashine ikaimba. Akaenda kunywa chai.

Nyuma yake akaingia Bibi, mama yake mzazi. Bibi amefua kwa mikono miaka hamsini, na haamini nguo isiyo na povu. Akachungulia kwenye kioo. Akaguna.

"Povu gani hili? Limelala kama mgonjwa."

Akachukua boksi la sabuni ya unga, ile ya kufulia kwa mikono, akamimina kikombe kizima kwenye kidroo cha juu. Dakika kumi baadaye akachungulia tena. Akaongeza kingine.

Saa nne mashine ikanyamaza.

Kinyozi alikuta taa nyekundu inapepesa. Jezi zilikuwa zimelala ndani ya maji ya kijivu. Povu lilikuwa limetoka kwenye kidroo, likashuka ubavuni, likatambaa sakafuni. Mlango wa kioo ulikuwa umejifunga. Alibonyeza kila kitufe. Mashine ilinguruma kidogo, kama mtu anayesafisha koo, kisha kimya.

Akaipiga kofi. Kimya. Akaipiga teke. Aliyeumia ni kidole chake.

"Mama! Umeigusa hii mashine?"

"Mimi? Nimeipa sabuni tu. Ilikuwa na njaa."

Kinyozi akampigia simu fundi. Akaeleza: maji hayatoki, haikamui, mlango haufunguki. Fundi hakuuliza hata swali moja.

"Hiyo mota imeungua," alisema. "Nitakuja Jumanne niichukue."

"Mechi ni leo saa kumi!"

"Basi chezeni vifua wazi," fundi akacheka, akakata simu.

Daktari gani huyo anayemzika mgonjwa kwa simu? Lakini tumezoea. Mtu akisema kwa sauti nzito kwamba kitu kimeungua, tunainamisha kichwa na kusubiri Jumanne.

Saa sita mchana Kipa akarudi, unga wa ngano bado uko kwenye nyusi. Alimkuta mumewe peku ndani ya maji, amepiga magoti mbele ya mashine, kisu cha jikoni mkononi, anachokonoa mlango.

"Jezi ziko wapi?"

Kinyozi alielekeza kisu kwenye kioo.

Kipa aliinama akatazama. Jezi zake zote kumi na nne zilimtazama kutoka kwenye maji machafu. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Mwaka jana refa alituondoa," alisema polepole. "Mwaka huu tutaondolewa na mume wangu?"

"Mke wangu, mimi..."

"Weka kisu chini. Naenda kumwita Bi Spana."

Bi Spana anakaa nyumba ya nyuma. Ni mwanamke mfupi, mstaafu. Alifua katika chumba cha kufulia cha hospitali kwa miaka ishirini na miwili, kwenye mashine kubwa kuliko mlango wa nyumba hii. Hafai kuulizwa habari za mafundi kama una haraka. Lakini akiitwa, anakuja na mkoba wake.

Alifika akasimama kizingitini. Hakuingia.

"Wewe kinyozi! Toka kwenye hayo maji!"

"Naangalia tu, Bi..."

"Toka, nimesema! Miguu peku, sakafu imelowa, na mashine ina umeme. Unataka tukuzike na jezi zako?"

Kinyozi alitoka mbio. Alinyoosha mkono kuzima swichi ya ukutani. Bi Spana akampiga kibao mkononi.

"Mkono umelowa. Swichi haiguswi na mkono uliolowa, wala na mtu aliyesimama kwenye maji. Swichi kuu ya nyumba iko wapi?"

"Ukumbini."

"Jifute, vaa ndala, ukazime huko. Halafu tupige deki hapa pakauke. Halafu uchomoe plagi. Mashine haiguswi mpaka plagi umeishika mkononi."

Wakafanya hivyo. Bibi alileta matambara akajifanya ana shughuli nyingi sana kwenye kona.

"Sasa," Bi Spana akasema, "nani anafua humu ndani?"

"Mimi," alisema kinyozi.

"Basi wewe ndiye utakayefungua. Mimi nitakaa hapa kwenye ndoo."

"Bi Spana, tuna haraka," Kipa alisihi. "Fungua wewe tu, unayejua."

"Hapana, mwanangu." Uso wa Bi Spana ulibadilika. "Kule hospitali mashine ikisimama walikuja mafundi. Neno la kwanza: wanawake tokeni nje. Wanafunga mlango. Sisi tunafua mashuka ya wadi nzima kwa mikono, yenye damu, mpaka jioni. Wakitoka, jasho linawatiririka, wanasema kazi ilikuwa kubwa. Miaka tisa nikawaonea huruma. Siku moja walisahau dirisha. Nikachungulia. Walichomoa kitu kama kopo, wakatoa soksi, wakarudisha. Dakika kumi. Kisha wakalala juu ya mashuka safi mpaka saa kumi na moja."

Bibi alisahau matambara yake. "Wakalala?"

"Wakakoroma, shoga yangu. Siku iliyofuata nikanunua spana. Kwa hiyo sifungui mashine ya mtu. Mtu anafungua yake. Haya, kinyozi. Mgonjwa wako ana dalili gani?"

"Fundi amesema mota imeungua."

"Fundi ameinusa kwa simu? Mimi nakuuliza wewe. Kulikuwa na harufu ya kuungua? Moshi? Ilikupiga shoti?"

"Hapana. Harufu ya sabuni tu."

"Pipa la ndani lilizunguka wakati wa kufua?"

"Lilizunguka vizuri."

"Basi mota gani imeungua huku inazunguka?"

Kinyozi akaigeukia mashine.

"Hii haijafa," alisema Bi Spana. "Imegoma. Ikishindwa kumwaga maji, haikubali kukamua, na haikubali kufungua mlango. Ina akili kuliko sisi. Ingefungua, ingekumwagia. Aliyegoma hapigwi teke. Anaulizwa sababu. Maji hutokea wapi?"

Kinyozi aliinama nyuma ya mashine. "Kwenye mpira huu wa kijivu."

"Umejikunja? Umebanwa na ukuta?"

Alipapasa mpira wote kwa mkono. "Haujajikunja."

"Vizuri. Sababu moja tumeifuta. Sasa njoo mbele. Chini kabisa, upande wa kulia, kuna kijimlango kidogo cha mraba. Umewahi kukifungua?"

"Nilidhani ni urembo."

Kipa alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Kinyozi alitumia bisibisi bapa kutoka kwenye mkoba wa Bi Spana. Kijimlango kikafunguka. Ndani palikuwa na kifuniko cha duara chenye mkono wa kushikia, na kando yake kimpira chembamba chenye kizibo.

"Gusa kioo. Maji ya moto?"

"Yamepoa."

"Yangekuwa ya moto tungesubiri. Beseni pana, lisilo na kina. Vuta kimpira, toa kizibo, uyaache yatoke. Likijaa, rudisha kizibo, mwaga, anza tena."

Maji yalitoka polepole, yenye povu zito. Beseni la kwanza. La pili. La tano. Kipa alikuwa anabeba kwenda kumwaga uani huku anatazama saa.

Wakati huo Kapteni wa timu akaingia, tayari amevaa bukta na soksi ndefu.

"Saa saba hii! Jezi?"

"Zinaoga," alisema Bibi.

"Kapteni, shika hili beseni," alisema Kipa. "Usiulize."

Maji yalipokwisha, Bi Spana alimwambia kinyozi ashike kifuniko cha duara akizungushe kushoto, taratibu, kwa kuwa maji kidogo hubaki nyuma yake. Kinyozi alizungusha. Kiligoma. Akazungusha tena. Kikaachia. Akavuta.

Kitu cheusi, kirefu, chenye manyoya, kikateleza kikaangukia kwenye beseni.

"Panya!" alipiga kelele Bibi, na tayari alikuwa juu ya kiti.

Kapteni alirukia mlangoni. Kinyozi alitupa kifuniko. Bi Spana peke yake ndiye aliyeinama, akakiinua kitu kile kwa ncha ya bisibisi.

"Panya huyu anahitaji kunyolewa," alisema. "Ni nywele. Kinyozi, unafua nini humu pamoja na jezi?"

"Taulo za kibandani."

"Unazikung'uta kwanza?"

Kinyozi alikuna kichwa.

"Hizi ni nywele za mtaa mzima!" Kapteni alisogea tena, akacheka. "Ona, hizi mvi za mwalimu mkuu! Na mimi nilidhani hana."

Bi Spana alipasua lile fungu. Ndani yake zilikuwemo pini sita, zimefunguka, zimeshika nywele kama mbavu zinavyoshika nyama. Ute mweupe wa sabuni ulikuwa umegandisha vyote pamoja.

"Pini nilizibana vizuri," alilalamika kinyozi.

"Mashine inapiga nguo mamia ya mara. Pini gani itavumilia? Hicho kifuniko ulichokitoa kina chujio. Kazi yake ni kukamata takataka zisiende kwenye pampu ya kusukuma maji nje. Limekamata mpaka limeshindwa. Na hii sabuni je? Nani ametia sabuni ya kutosha kufua godoro?"

Bibi alishuka kwenye kiti. Alijitengeneza kanga.

"Povu lilikuwa dogo," alisema. "Nikaongeza. Mara mbili."

"Shoga yangu, povu si usafi. Kwenye karai unaliona, unafurahi. Humu ndani linajaza nafasi, pampu inasukuma hewa badala ya maji. Tumia sabuni ya mashine, kama inavyopimwa kwenye boksi. Ukikosa, hii ya mikono, vijiko viwili vya chakula. Viwili!"

"Na usipoona povu?"

"Ukikosa povu, fumba macho."

Hata Bibi alicheka.

Kinyozi alitaka kuingiza vidole kwenye tundu la chujio. Bi Spana alimzuia. "Tochi kwanza. Palipotoka pini sita, ya saba inakusubiri." Wakamulika. Ya saba ilikuwepo. Kinyozi aliitoa kwa koleo. Nyuma ya tundu kilionekana kipangaboi kidogo cha pampu. Alikisukuma kwa kijiti. Kikazunguka.

"Huyo mzima," alisema Bi Spana. "Kingekuwa kimevunjika, au kungekuwa na harufu ya kuungua, au mashine ingempiga mtu shoti, hapo ningesema acha, tafuta fundi wa kweli, tena akuangalizie na waya wa ethi, ule wa kupeleka shoti ardhini, kama upo. Kuna kazi za fundi. Hii si mojawapo."

Kinyozi aliosha chujio kwa mswaki mkuukuu. Alirudisha kizibo, akarudisha chujio, akalizungusha kulia mpaka likakaza. "Lisipokaza utaogelea," alionywa. Wakakausha mikono na sakafu. Plagi ikarudi ukutani, swichi kuu ikawashwa. Bi Spana alimwelekeza achague kusuuza na kukamua, bila sabuni hata punje.

Kinyozi alibonyeza.

Mashine ilijaza maji. Ilizunguka. Kisha ukaja ule mngurumo wa kusafisha koo. Mpira wa kijivu ukatikisika, na maji yakaenda zake kwenye bomba la uchafu, shaaa, kama mvua ya kwanza.

Kapteni alimkumbatia kinyozi. Kipa alimkumbatia Bi Spana. Bibi, kwa kukosa mtu, aliikumbatia mashine.

Ilisuuza mara mbili. Ikaanza kukamua, ikaenda mbio mpaka vikombe vya jikoni vikalia. Saa nane na robo ikatulia. Dakika tatu zikapita, mlango ukasema *tak*, ukafunguka wenyewe, bila kisu. Jezi zikaanikwa uani kwenye upepo. Bibi na Kipa walikaa na sindano na uzi wakashona namba moja kwa moja. Pini zilikwisha kazi siku ile.

Saa kumi kasoro dakika tano timu ilipanga mstari. Refa alikuwa yuleyule. Alipita mbele yao polepole, akitafuta. Alitafuta rangi ya pili, hakuipata. Alisimama mbele ya Kipa.

"Hii jezi imelowa."

"Sheria inasema rangi," alisema Kipa. "Haisemi ukavu."

Refa alipuliza filimbi, na mpira ukaanza.

Kipindi cha kwanza walitoka bila bila. Kipindi cha pili Kapteni alipiga mpira vibaya kabisa, ukamgonga beki kisogoni, ukaingia. Bao baya ni bao. Dakika ya mwisho wapinzani walipata penalti. Kipa alitema mate pembeni, akanyoosha mikono yake ya tanuri, akaruka kushoto. Mpira ukamgonga kiganja ukatoka nje. Kinyozi aliruka uzio. Bibi alikwama juu ya uzio, akateremshwa na watu wanne, bado anashangilia.

Waliimba njia nzima. Katikati ya wimbo Kapteni akanyamaza.

"Bi Spana," alisema. "Kwangu kuna mashine. Imefunikwa kitambaa, naweka redio juu yake. Niliambiwa mota imeungua. Miezi minane sasa."

"Uliambiwa na nani?"

"Kwa simu."

Wimbo ulikatika kabisa. Bi Spana aligeuza njia, na timu nzima ikageuka naye, matope mpaka magotini.

Waliingia kwa Kapteni mpaka chumba kikakosa hewa. Redio ikashushwa. Plagi haikuwa ukutani, lakini Kapteni aliishika mkononi kwanza, kila mtu aione. Kwa maelekezo ya Bi Spana alilala kifudifudi, akapapasa mpira wa nyuma. Alifungua kijimlango cha chini. Kinyozi alisogea amsaidie.

"Kaa mbali," Kapteni alimwambia. "Hii ni yangu."

Alimwaga maji yaliyooza, akazungusha kushoto, akavuta. Ilitoka soksi moja ndogo ya mtoto, ya manjano. Akamulika, akasukuma kipangaboi, kikazunguka. Akaosha, akakaza, akachomeka, akabonyeza.

Mashine ya miezi minane ilikohoa, kisha ikatema maji. Kelele zilizopigwa mle ndani zilizidi za uwanjani.

Kapteni hakupiga kelele. Alikaa sakafuni na soksi kiganjani, anacheka na machozi yanamtoka pamoja.

"Miezi minane nimefua kwa mikono," alisema. "Mashuka, mablanketi, yote. Kwa sababu ya soksi!"

"Si kwa sababu ya soksi, mwanangu," alisema Bi Spana. "Kwa sababu hukuambiwa."

Kapteni alijifuta uso kwa kiwiko chenye matope. Akainuka. Akafungua mlango wa kioo.

"Vueni jezi," alisema. "Fainali ni Jumamosi ijayo, na wiki hii nafua mimi."